Moyo Hulindwa Jikoni

Mara nyingi twasikia habari ya namna hii katika mitaa yetu. Baba wa jamaa, mtu wa miaka 45, arudi kazini jioni bila kulalamika. Ala chakula chake, aanguka, na kabla ya mapambazuko amekwisha kufa. Kilio hakijanyamaza, na tayari watu wanaulizana kwa sauti ya chini ni nani aliyemtilia sumu. Mashemeji wamtazama mjane kwa jicho baya. Bibi kizee wa jirani aanza kuogopa kutoka nyumbani mwake. Hivyo kifo kimoja chazaa chuki ya miaka mingi, na mara nyingine damu ya asiye na hatia humwagika. Hatusemi kwamba hakuna sumu duniani. Twasema kwamba yuko mwuaji mwingine ambaye hakuna amtajaye siku ya matanga: ni shinikizo kubwa la damu, ambalo wengi huliita tansio.

Moyo wa mtu mzima ni kadiri ya ngumi yake. Hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na kila dakika husukuma damu yapata lita 5. Shinikizo likizidi ndani ya mishipa, moyo hufanya kazi kama mpagazi aliyetwikwa mizigo miwili: kwanza hunenepa, kisha huchoka. Tena mshipa wa ubongo waweza kuziba au kupasuka, mtu akapooza upande mmoja au akafa. Na katika miaka yote ya kutengenezwa kwa maafa hayo, mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tansio hawajui kuwa wanayo.

Wazee wetu husema kwamba zamani ugonjwa huu haukuwapo, nao hawakosi sana. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Donnison, aliyefanya kazi Kenya ya magharibi, aliandika kwamba katika wagonjwa kama 1,800 waliolazwa katika hospitali yake hakuona hata mmoja mwenye tansio. Baadaye madaktari wengine waliwafuatia Wajaluo waliotoka vijijini, upande ule ule, wakahamia mji wa Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990, nayo yatustaajabisha: baada ya mwezi mmoja tu wa kukaa mjini, shinikizo la damu yao lilikuwa limepita lile la wenzao waliobaki kijijini. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi, na pungufu ya potasiamu, madini yale yapatikanayo katika ndizi, maharage na mboga za majani. Watu hawa hawakubadili ukoo wala damu ya baba zao. Walibadili chakula na maisha.

Je, sisi tuliohamia Bukavu, Kisangani au Lubumbashi tu tofauti nao? Tuchungulie chungu cha mchuzi. Mama ametia makayabu, samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Ametia vidonge viwili vya kukoleza mchuzi, ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi. Kisha, kwa desturi, aongeza chumvi yenyewe. Chungu kimoja kimetiwa chumvi mara tatu! OMS lashauri mtu mzima asipate gramu 5 kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha ndani ya samaki na vidonge. Nasi Wakristo tuna jambo letu la pekee: siku za Ijumaa na za Kwaresima twaacha nyama, tukakimbilia makayabu. Kujinyima ni kwema, lakini samaki huyo alowekwe usiku kucha, na maji yabadilishwe mara mbili au tatu. Afadhali zaidi sambaza wabichi wa ziwani, au maharage.

Kuhusu mawese twapenda kusema kwa haki, maana wengine huyalaani na wengine huyasifu kupita kiasi. Wekundu wake huupa mwili vitamini A, yenye faida kwa macho ya watoto. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayochangia kuziba mishipa. Basi sombe ipikwe kwa mawese kidogo, isiogelee ndani yake. Na anayeyachoma mpaka rangi iondoke amepoteza faida akabaki na hasara.

Wanaume wasifikiri kwamba shauri hili ni la jikoni tu. Kileo kingi hupandisha shinikizo, na tumbako huharibu mishipa. Kitambi, ambacho wengine hukibeba kama nishani ya cheo, chauongezea moyo mzigo. Amri ya tano ya Mungu hutukataza kumwua jirani. Hututaka pia tuulinde uhai wetu wenyewe, na baba anywaye mshahara wake huwadhulumu watoto mara mbili. Kutembea kwa miguu nusu saa kila siku hakugharimu hata faranga moja.

Kila mtu mzima, na hasa mama mwenye mimba, apimwe shinikizo katika kituo cha afya. Kwa watu wazima, vipimo vikirudia kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi, mganga ataamua la kufanya. Aliyepewa dawa asiiache kwa kuwa ajisikia mzima, maana mara nyingi ni dawa hiyo inayolizuia shinikizo lisipande. Na akina mama wapunguze chumvi kidogo kidogo, juma kwa juma. Mwanzoni watoto watanung'unika kwamba mchuzi hauna ladha. Baada ya majuma machache ulimi utakuwa umezoea, na mchuzi wa zamani ndio utakaowashinda.