Samaki Wasiokuwepo Kalundu

Kusini ya bandari ya Kalundu, Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, asubuhi kabla upepo haujachafua maji, tazama mawe ya ufukweni. Jiwe moja lina utando wa kijani, na samaki wadogo wanaukwangua bila kupumzika. Hatua chache mbele, karibu na mahali kijito kinapoingia ziwani, jiwe la ukubwa uleule limevaa tope. Pitisha kidole: tope linatoka kama majivu. Hapo hakuna samaki.

Tumezoea kuhesabu waliopo. Mwaka 2011 Meelis Pärtel wa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, na wenzake walipendekeza tuhesabu pia wanaokosekana: aina zinazoishi jirani, zinazoweza kabisa kuishi hapa, ila hazipo. Matokeo ya hesabu hiyo kwa mimea ya dunia nzima yalitoka 2025. Mahali ambapo mkono wa binadamu ni mwepesi, zaidi ya theluthi moja ya aina zinazostahili kuwepo zipo. Ambapo mkono huo ni mzito, ni takriban moja kati ya tano, hata ndani ya misitu inayoonekana mizima.

Sisi tunaoishi chini ya milima ya Uvira tuna haja kubwa na hesabu hiyo. Miti ikikatwa kwa makaa na mashamba, mvua inauteremsha udongo. Usiku wa tarehe 16 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaua watu kadhaa, na maji yake mekundu kwa udongo yakaishia ziwani. Tayari mwaka 1993 mtafiti Andrew Cohen na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba penye tope jingi Tanganyika, aina za samaki na za vijidudu vya majini hupungua.

Joto nalo lina njia yake. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki na maji mazito ya chini yenye rutuba. Mwani unapungua, kisha samaki wadogo wanaoitwa ndagala, kisha mukeke, samaki anayemla ndagala. Ila naona tunakosea tunapolitupia joto kila lawama. Tope la kwenye mawe linatoka mlimani petu, na mlima tunaufikia kwa miguu.

Kuna samaki mdogo wa mawe anayeitwa Tanganicodus irsacae. Jina hilo limebeba herufi za IRSAC, taasisi ya utafiti iliyokuwa na kituo hapa Uvira, ambacho leo ni Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia. Yeye na jirani yake Tropheus hawapendi kuliacha jiwe. Tropheus haogelei kirahisi kuvuka mchanga mpana, ndiyo maana kila ufuko una rangi zake. Hata tukiotesha miti leo na jiwe likatakata, samaki atakayelirudia lazima atoke kwenye jiwe jingine lenye uhai, na kati yao kuna mchanga.