UKUBWA WA FAMILIA NA ELIMU YA VIJANA

Elimu ilitangazwa kuwa bila ya malipo Zanzibar tarehe 23 Septemba, 1964. Tangazo hilo, hata hivyo, halikuondoa gharama zinazobaki nyumbani: sare, viatu, madaftari, nauli, na muda wa mtoto mwenyewe. Gharama hizo ndizo zinazogawanywa kwa idadi ya watoto waliomo ndani ya nyumba.

Muda ndio unaosahauliwa zaidi. Katika vijiji vya mwambao wa mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989, kina mama hushuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Nyumba yenye wadogo wawili au watatu waliofuatana huhitaji mlezi kwa siku hizo, na mlezi huyo aghalabu ni binti mkubwa. Binti huyo haachi skuli. Hukosa siku chache mfululizo, kisha hurudi na kukuta somo la hesabu limeshamvuka. Baada ya wiki mbili hukosa tena. Pemba nako msimu wa karafuu una madai yake.

Lakini ni kosa kudhani kwamba wingi wa watoto peke yake ndio unaodhoofisha elimu. Utafiti mkubwa wa Norway uliochapishwa mwaka 2005 ulionesha kuwa athari ya idadi ya watoto ilikuwa ndogo mno pale mfuatano wa kuzaliwa ulipozingatiwa; waliopungukiwa ni waliozaliwa baadaye. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba mambo huwa kinyume: wa mwanzo hubeba mzigo, na wadogo husomeshwa kwa kipato cha kaka na dada zao.

Kwa upande wa amali tatizo ni vifaa. Kijana anayehitimu ushoni au useremala katika vituo vya Mkokotoni, Mwanakwerekwe au Vitongoji huhitaji mtaji wa kuanzia. Cherehani moja haigawiki kwa ndugu wanne. Mmoja huanza kazi na wengine hungoja, na ujuzi usiotumika husahaulika.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, na ya 2022 watu 1,889,773. Ushauri wa kupanga nafasi baina ya uzazi hutolewa katika vituo vya afya vya Serikali, na kina baba nao wanapaswa kuhudhuria. Mzazi anayelazimika kumzuia mtoto nyumbani ni vyema amwarifu mwalimu wa darasa mapema, ili masomo yatakayompita yapangiwe wakati.