Matairi ya Pikapu Kuukuu Katika Mawe ya Busasamana

Katika Sekta ya Busasamana, Wilaya ya Rubavu, ambako viazi hulimwa katika udongo wa volkano wenye mawe makali, mwenye pikapu kuukuu ya Toyota Land Cruiser hukabili kwanza suala la kipimo, kwa kuwa maandishi 7.50-16 yaliyo ubavuni mwa tairi, yaani upana wa inchi 7.5 juu ya rimu yenye kipenyo cha inchi 16, ni ya mtindo wa zamani. Tairi la kisasa la 235/85R16 lina kimo kinachokaribiana sana na hilo, hivyo kipimamwendo hakidanganyi; lakini ni pana zaidi, na rimu nyembamba ya inchi 5.5 hailifai, jambo ambalo mnunuzi huligundua akiwa ameshalipa. Herufi R huonyesha tairi la radiali, ambalo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ilhali tairi la nyuzi za mshazari lina ubavu mgumu unaovumilia mawe, ingawa huyumba zaidi kwenye lami. Aina hizo mbili zisichanganywe katika ekseli moja.

Magunia ya viazi nayo hudai tairi la mizigo, si la gari dogo, hata likiwa rahisi kiasi gani. Hatimaye zisomwe tarakimu 4 za tarehe ya kutengenezwa kwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lililozidi miaka 10, hata likiwa na meno mazima, lisinunuliwe.