Sura ya Nne: Kikao Kabla ya Msiba

Pale Uyole, njia ya kwenda Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu ya kwenda Iringa na Dar es Salaam, mashamba ya viazi na mahindi yamekatwa viwanja. Kipande ambacho zamani hakikugombaniwa na yeyote leo kina nyumba ya kupangisha, fremu za duka na deni la benki. Mali imekua, lakini mazungumzo juu yake bado yanasubiri kikao cha ukoo kinachokaa baada ya mazishi, wakati mtu pekee aliyejua kila kitu ameshazikwa.

Sababu ya kunyamaza inaeleweka. Mtoto akigusia wosia, anamchuria baba yake. Mke akigusia, mawifi na mashemeji wanaanza kumtazama kwa jicho jingine. Kwa hiyo wa kuanzisha ni mwenye mali mwenyewe, akiwa mzima wa afya, na aelewe jambo moja: akinyamaza, hajaacha mambo wazi. Sheria itasema kwa niaba yake.

Nayo itasema nini? Tanzania Bara hakuna jibu moja. Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyoachiwa na wakoloni, humpa mjane mwenye watoto theluthi moja, na watoto theluthi mbili. Sheria ya Kiislamu humpa mjane huyo thumuni. Sheria za Mila zilizotamkwa mwaka 1963 kwa Tangazo la Serikali Na. 436 huwapanga warithi kwa madaraja: mbele mtoto wa kiume wa kwanza, nyuma yake wana wengine wa kiume, mwisho mabinti. Mjane hana fungu, anaachiwa kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilisikiliza malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania na kuona kuwa kanuni hizo zinawabagua wanawake. Mwanamume aliyepalilia viazi na mkewe kwa miaka thelathini, kisha akafa bila wosia, huenda amemwacha chini ya kanuni hizo bila kukusudia.

Sasa kikao chenyewe. Kosa la kawaida ni kuanza na nani apewe nini. Hapo kila mmoja anafunga moyo. Afadhali mzee aseme hivi: "Wanangu, nimewaita, na baba yenu mdogo nimemwita asikie. Leo sigawi kitu. Nataka mjue nilicho nacho, ninachodaiwa, na karatasi ziko wapi. Mama yenu ataongezea nilichosahau." Baba mdogo awepo kwa sababu nzito. Kwa mila za zamani za Wanyakyusa, mali ya mtu ilikwenda kwanza kwa ndugu yake wa baba na mama mmoja kabla ya kushukia kwa wana. Ndugu aliyelisikia tamko la mali kutoka kinywani mwa kaka yake, mbele ya watoto, si rahisi kulikana msibani.

Kisha mkoba ufunguliwe mezani. Karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa: ina jina la nani? Mara nyingi ni la babu, au la kaka aliyelipa malipo ya kwanza. Cheti cha ndoa kipo? Majina kwenye kitambulisho cha taifa, hati ya kiwanja na akaunti ya benki yanafanana? Yasipofanana, hati ya kiapo mbele ya wakili huweza kusaidia, na ni rahisi zaidi mwenye majina akiwa hai wa kuapa mwenyewe. Mikopo ya SACCOS na ya mbolea nayo itajwe. Na yule ndugu wa karibu aliyeandikwa kwenye fomu ya benki asidhani pesa ni zake, maana benki itamtaka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Hapa napenda tusimame kidogo kwa ajili ya mama. Mtu huusia kilicho chake tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na jasho la mke katika mali waliyochuma pamoja ni haki yake hata jina lake lisipoonekana popote. Njia iliyo safi kuliko zote ni majina mawili kwenye hati, sasa hivi.

Wosia wa maandishi kwa sheria za mila hutaka wino na tarehe. Anayejua kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua, wanne, nusu kwa nusu. Mke aliyepo nyumbani naye hushuhudia. Wosia wa mdomo pia ni wosia, kwa mashahidi wanne. Anayetaka kumnyima mrithi lazima ataje sababu, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujieleza. Mila yenyewe, basi, inataka watu wazungumze.

Msimamizi atajwe humo, tena aulizwe kwanza kama yuko tayari. Yeye si mrithi kwa kuwa msimamizi tu. Katika mahakama ya mwanzo ana miezi 4 ya kuorodhesha mali na madeni yote, kisha atoe hesabu ya mgawanyo. Nakala ya wosia ihifadhiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa wakili au kanisani, na mashahidi wajue ni wapi. Mwenye mali akinunua kiwanja kingine Inyala, au akizaliwa mtoto mwingine, uandikwe wosia mpya wenye tarehe mpya, ukitamka wazi kwamba ule wa kwanza umefutwa.