Udongo Ndani ya Mfuko wa Nafaka

Mkulima wa Maisaka, katika mji wa Babati, avunapo mahindi na mbaazi zake hana adui mmoja. Yuko mlanguzi, angojaye shida ya ada na matibabu imlazimishe mtu kuuza upesi. Tena yuko dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mnamo mwaka 1981, na tangu hapo hajaondoka. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi ziingiazo nchini mwake, bei ilianguka, na asiyekuwa na mahali salama pa kuweka mavuno hakuwa na njia ya kungoja. Kwa hiyo twaona yafaa leo kunena juu ya mfuko, hasa juu ya ngozi ya mfuko wenyewe.

Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wengi huijua kwa jina la PICS, ilibuniwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, pamoja na wataalamu wa Kameruni, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Ndani mna mifuko miwili ya polithini, nje gunia lililofumwa kwa polipropilini. Mkulima hatii dawa. Wadudu waliofungiwa humo huvuta oksijeni mpaka ikapungua. Hapo huacha kula, na kwa kuwa maji ya miili yao hutokana na chakula pamoja na oksijeni hiyo, hufa kwa kiu. Twadhani hakuna mkulima atakayewalilia.

Lakini polithini huzuia vizuri mvuke wa maji, ila oksijeni huipenya polepole. Nailoni ni kinyume chake: huizuia oksijeni kwa nguvu, lakini hunywa maji. Basi mafundi hujaribu kuchanganya polima, moja ifidie upungufu wa nyingine. Na shida ni kwamba polima nyingi hazipatani, nao mchanganyiko hupasuka palepale zinapokutana.

Hapo ndipo udongo unapoingia. Wazee wetu walikandika vihenge kwa udongo na samadi. Udongo wa mafundi hawa ni montmorilonaiti, uliopewa jina la mji wa Montmorillon, Ufaransa. Chembe yake ni rundo la vibamba, kila kibamba unene wa nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Toyota, Japani, walifaulu kuvitenganisha vibamba hivyo ndani ya nailoni, na udongo wa asilimia chache tu ukaizidishia nguvu na ugumu. Na hewa je? Kibamba hakipitishi kitu. Oksijeni iliyokuwa ikipita moja kwa moja hulazimika kuzunguka kibamba baada ya kibamba, kama mgeni aliyepotea katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja. Tena, katika mchanganyiko wa polima mbili, vibamba vyaweza kukaa mpakani na kuyazuia matone ya polima moja yasiungane yakawa makubwa.

Tusidanganyane, ndugu. Udongo huu hupenda maji, polithini huyakataa. Pasipo kiunganishi cha kemikali, vibamba hubaki vimeshikamana mafungu mafungu, na kila fungu ni mahali pa mfuko kuchanikia. Wala ugumu si uimara: mfuko mgumu waweza kukataa kunyooka, kisha ukachanwa upesi na bambo la mnunuzi au msumari wa lori. Dumuzi naye hutoboa plastiki, na tundu moja latosha kuirudisha hewa.

Nchi yetu ina kaolini nyingi huko Pugu, karibu na Dar es Salaam. Nayo ni udongo wa vibamba, lakini hushikana sana, havifunguki kirahisi kama vile vya montmorilonaiti. Asemaye tuuchote tu na kuukoroga katika plastiki hajafika kiwandani.

Mifuko ya PICS hufanya kazi yake bila udongo wo wote. Hutegemea tabaka zake na mkono wa anayeifunga. Wala hakuna mfuko, wenye udongo au usio nao, utakaoyaponya mahindi mabichi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Asiye na kipimo cha unyevu na atie punje pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu, aifunge, aitikise, aiache itulie. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi yarudi juani.