Tangi la samaki wa baharini nyumbani: wiki sita kabla ya samaki wa kwanza

Watoto wengi walimfahamu samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe kupitia filamu ya Finding Nemo, iliyotoka mwaka 2003, na tangu hapo ombi limekuwa lile lile katika nyumba nyingi: "Baba, tumnunue na sisi." Ombi hilo si la kupuuzwa, wala si la kukubaliwa siku hiyo hiyo. Baina ya siku mzazi anaposema ndiyo na siku samaki wa kwanza anapoingia majini, aghalabu hupita wiki nne hadi sita za kutazama kioo kisicho na kitu ndani yake ila maji, mchanga na mawe. Familia isiyoweza kustahimili wiki hizo tunaishauri, kwa nia njema kabisa, iridhike na picha ya ukutani.

Sababu ya kungoja ni hii. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake na kwa kinyesi chake. Baharini sumu hiyo hutawanyika isionekane. Ndani ya kioo hujilimbikiza, na samaki huungua matamvua hali maji yangali meupe na safi machoni petu. Kinachomwokoa ni bakteria. Wako wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wako wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo mno na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huishi juu ya mawe, katika mchanga na ndani ya kichujio, na tangi jipya halina wa kutosha.

Basi hawana budi kuoteshwa. Sisi nyumbani tulitia kipande cha kamba mbichi, ukubwa wa ncha ya kidole, tukakiacha kioze. Kila baada ya siku mbili au tatu tulipima maji kwa vipimo vya matone, na watoto wakaandika matokeo katika daftari. Amonia ilipanda, kisha ikashuka. Nitriti ikapanda baada yake, nayo ikashuka. Siku zote mbili ziliposoma sifuri na nitrati ikaonekana, ndipo tulipojua kwamba tangi limekuwa hai. Muuzaji anayempa mteja tangi na samaki katika mkoba mmoja, siku moja, anamuuzia msiba. Na wako wengi wafanyao hivyo.

Ufundi huu una umri mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1846 mwanamke wa Kiingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe hai kutoka Torquay akayapeleka London, mbali na bahari, na akafaulu kuyatunza. Hakukuwa na pampu ya umeme. Mtumishi wake wa nyumbani ndiye aliyeyamimina maji kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa. Kazi ya mikono ya mtumishi yule leo inafanywa na pampu ndogo inayotosha kiganjani, lakini kazi yenyewe haijabadilika: maji yasiyotembea hayana hewa ya kutosha.

Kuhusu ukubwa, wanaoanza hudhani tangi dogo ni jepesi kulitunza. Ni kinyume chake. Katika lita 30, chakula kilichozidi au siku moja ya joto kali huyageuza maji yote. Katika lita 180 kuna muda wa kutambua na kurekebisha. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 huchukua takriban lita hizo, na likijaa maji, mchanga na mawe huzidi kilo 200. Meza ya kawaida haliwezi, na mahali pake pachaguliwe kabla ya kulijaza, mbali na dirisha lenye jua.

Maji ndiyo yanayozua maswali mengi. Je, chumvi ya jikoni haitoshi? Haitoshi. Hata ile ya mashamba ya chumvi ya pwani yetu haifai: maji ya bahari yanapokauka shambani, kinachoganda na kuvunwa ni chumvi ya kawaida, ilhali sehemu kubwa ya magnesiamu na madini mengineyo hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Inahitajika chumvi iliyotengenezwa mahususi kwa matangi, ikorogwe katika maji yaliyochujwa hadi ifikie takriban gramu 35 kwa lita. Tusitumie maji ya bomba moja kwa moja, kwa kuwa yana klorini, na mabomba ya zamani huweza kuwa na shaba, inayoua kamba na konokono. Aliye jirani na bahari anaweza kuteka maji, bali ayateke mbali na ufuo, wakati maji yamejaa, na kamwe si karibu na bandari wala mdomo wa mto.

Hapa pana jambo ambalo hata werevu huteleza. Maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi haikauki pamoja nayo. Hubaki na kukolea. Kwa hiyo pengo la kila siku hujazwa maji matamu yaliyochujwa. Maji ya chumvi hutumika pale tu tunapotoa maji na kuweka mengine, kiasi cha asilimia 10 kila wiki.

Kuhusu mawe, pwani yetu imebarikiwa. Yale mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yanayochimbwa ardhini, ambayo wazee wa Kilwa na Zanzibar walijengea nyumba na misikiti, yana vitundu vingi ambamo bakteria hukaa vizuri. Yasuguliwe, yaoshwe na kuanikwa, na yasiwe yamewahi kujengewa, kwa maana mabaki ya chokaa huchoma maji. Mwamba hai wa baharini uachwe ulipo. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, hapo mbele ya Dar es Salaam, ni hifadhi chini ya sheria ya mwaka 1994, na kipande cha tumbawe kinachovunjwa kwa dakika moja kimechukua miaka mingi kukua.

Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, navyo hufundisha namna ya kupasha maji moto. Shida yetu ni joto. Maji hupaswa kuwa baina ya nyuzi 24 na 27; mwezi wa Februari chumba cha Dar es Salaam huyavusha 30, na maji ya moto hushika hewa kidogo. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyapoza kwa nyuzi mbili au tatu, ingawa huyakausha haraka. Pamoja nayo iwepo pampu ya hewa ya betri, iliyokwisha kujaribiwa. Umeme ukikatika usiku kucha, samaki hawafi kwa njaa. Hufa kwa kukosa hewa.

Katika kuchagua samaki, wale wa rangi ya chungwa ndio bora kuanza nao, kwani huzalishwa matangini na si lazima watolewe baharini. Wana ajabu moja: wote huzaliwa madume, na katika kundi aliye mkubwa kuliko wote hugeuka kuwa jike. Wawili wanatosha kwa lita 180, na wanaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Yule wa buluu, rafiki yake katika filamu, tunamkataza. Hukua hadi sentimita 30, na wengi wa aina yake huvuliwa miambani.

Miaka kumi ni muda mrefu wa kubeba amana. Wanazuoni walipozungumzia kufuga walitaja kisa cha mtoto Abu Umayr na ndege wake mdogo, ambaye Mtume (s.a.w.) alimtania kwa ajili yake, wakafahamu kwamba inajuzu, na walitaja pia mwanamke aliyemfungia paka bila chakula. Mzazi avisome visa vyote viwili kabla ya kutoa fedha, kisha awapangie watoto zamu, naye mwenyewe abaki msimamizi, maana mtoto wa miaka minane hatakumbuka kupima chumvi.

Chakula kitolewe kidogo, kile kinachoisha kwa dakika mbili, kwani kinachobaki huoza na kuwa amonia. Familia inaposafiri kwenda kijijini kwa Idi, chakula kipimwe mapema katika vifuko vidogo na kopo lenyewe lifichwe. Jirani aachiwe ufunguo na maelezo ya maneno machache: kifuko kimoja kwa siku, hata samaki wakimtazama vipi.