Kusubiri Ziwa Litulie Si Upungufu wa Imani

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Aliyewatiishia waja Wake bahari na maziwa. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.).

Ndugu msomaji, katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya bandari ya Kigoma, boti za mbao hupakia abiria na mizigo kwenda vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Injini zimechukua nafasi ya tanga na kafi. Ziwa ni lile lile. Kilichopungua ni subira yetu.

Mwezi Machi 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Ujiji kwa mtumbwi wa gogo. Alikuwa akienda kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi, kumwomba mfanyabiashara Sheikh Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi lake la tanga. Wapiga kafi hawakulikata ziwa moja kwa moja. Walifuata ufukwe kuelekea kusini, wakapiga kambi nchi kavu, wakangojea shwari, ndipo wakavuka kutokea Kabogo. Walipokwisha kutua kisiwa cha Kivira, usiku ikazuka dhoruba iliyokaribia kuliangusha hema la Speke. Hebu tujiulize, ingekuwaje lau ingewakuta katikati ya maji yenye kina kinachozidi mita 1,400? Jahazi Speke hakulipata, akarejea Ujiji kwa mtumbwi, lakini alirejea hai.

Leo tuna injini na utabiri wa hali ya hewa, na bado tunazika. Desemba 2014, MV Mutambala ilizama katika ziwa hili hili, upande wa Kongo, wakafa watu zaidi ya 120. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 100. Waliokufa walizidi 220.

Baada ya kila msiba husemwa kwamba ni kazi ya Mungu. Kadari ni haki, wala hatuna shaka nayo. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Na katika Adabul Mufrad ya Imam Bukhari imepokewa kwamba anayepanda bahari iliyochafuka akafa, dhima imemwondokea.

Ni kweli pia kwamba aliyekufa maji amehesabiwa miongoni mwa mashahidi, kama ilivyothibiti katika Bukhari na Muslim. Bishara hiyo ni faraja kwa wafiwa. Haikuwa kamwe kibali kwa nahodha kujaza chombo.

Basi, ewe nahodha, abiria ni amana shingoni mwako. Nawe mzazi, ukiona boti imezama hadi ukingoni kabla ya kung'oa nanga, washushe wanao, hata kama nauli umekwisha kulipa. Nauli hutafutwa tena.

Wallahu a'alam.